Njuga ya Noeli

Juzi kanisani mtoto mmoja alicheza mbele ya altare akiwa na njuga mguuni, nami nikajiona tena katika kibanda cha baba yangu, mhunzi wa Kasongo, alasiri moja karibu na Noeli.

Palinuka makaa na chuma cha moto. Farasi wa Mzungu wa serikali alikuwa amekufa, na baba alipewa vyuma vya kwato zake, akawa anavigeuza kuwa njuga, zawadi za watoto. Mimi sikuwahi kumwona farasi, wala sikujua kuwa mnyama huvalishwa chuma. Niliona vyuma vilivyopinda, vyenye matundu, nikakumbuka bibi alivyosimulia juu ya watu waliopitishwa njia ya Kabambare wakiwa na pingu miguuni, kwenda kuuzwa.

"Mama, kuya hapa," baba aliniita, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye. "Leta muguu."

Alipozungusha kamba ya mgomba kwenye kifundo changu ili akipime, mkojo ulinitoka.

"Baba, usiniuze! Nitachota mayi kila siku!"

Baba hakucheka. Alichukua njuga aliyokuwa akiitengeneza, akaipanua pete yake hata ikabaki na mwanya mpana.

"Ona, iko wazi. Utavaa mwenyewe, utavua mwenyewe."

Namshukuru Mungu kwa baba yule. Noeli ile, kila wimbo ulipokwisha, niliivua njuga nione kama bado inatoka, naye alisimama pembeni akingoja mpaka niivae tena.