Spea Zilipoanza Kwisha Kwala

Kilichotoweka kwanza ni meza. Ilikaa mlangoni mwa stoo ya spea, katika kiwanda cha kuunganisha pikipiki huko Kwala nilikokuwa mtunza stoo, na juu yake palijaa vitu vilivyoharibika: nyaya za klachi zilizokatika, shokapu zilizovuja, cheni zilizolegea kabla ya wakati wake. Aliyeiweka ni meneja wetu wa kwanza, mzee mgeni mwenye Kiswahili cha kukwaruza. Alikuwa akitutuma kwa mafundi wa Mlandizi, Gwata hadi Kisarawe, tukaulize nini kinasumbua kwenye pikipiki zetu, turudi nacho mkononi. Hakuna mhandisi aliyeruhusiwa kuipita meza ile bila kushika kilichokuwa juu yake. Nyaya zikionekana zinakatikia mahali pamoja, zilibadilishwa huko zilikotengenezwa, na mafundi wale wale wakapelekewa mpya.

Pikipiki yetu haikuwa na mbio kuliko nyingine, wala haikuwa ya bei rahisi. Ila ikiharibika Gwata asubuhi, mchana ilikuwa barabarani, maana spea ipo na fundi anajua kuifunga. Kaka yangu, aliyeoa Kisarawe na kuhamia huko, alinunua moja akawa anabeba abiria na viroba vya mihogo kutoka Maneromango. "Mdogo wangu," aliniambia, "chombo hiki hakina makuu." Wenzake kijiweni wakamfuata, mmoja mmoja.

Kisha kiwanda kikauzwa na yule mzee akaondoka. Meneja mpya alikuwa mchangamfu, msafi, mtu wa kukusalimia kwa jina lako. Siku chache baadaye nikakuta meza haipo. Sakafu imepigwa deki, zimebaki alama nne za miguu.

"Wageni wakiiona watadhani tunatengeneza takataka," alinieleza kwa upole.

Nikajiambia, meza ni meza.

Baada ya hapo makontena yakaanza kuja na mapengo. Pikipiki zilifika vipande vipande kwenye maboksi, kazi yetu ikiwa kuziunganisha. Sasa boksi likifunguliwa, breki za nyuma hakuna. Jingine halina waya wa klachi. Tuliambiwa vimeagizwa pungufu makusudi ili kubana gharama, na kwamba mapengo yatajazwa kutoka stoo kwangu. Msimamizi wa laini ya kuunganishia akawa anakuja na toroli kila asubuhi, anachukua spea zilizowekwa kwa ajili ya pikipiki zilizokwisha kuuzwa, anakwenda kuzifunga kwenye mpya.

Nimezaliwa kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga, karibu na Mlandizi. Najua nyumba iliyoanza kula mbegu inavyokuwa. Siku hiyo watu hushiba. Jikoni kunafuka moshi, watoto wanacheza, hakuna anayelia. Ndivyo tulivyokuwa. Pikipiki zilitoka getini nyingi kuliko zamani, tukapikiwa pilau ya pongezi, tukapigwa picha. Mimi nilirudi stoo nikasimama katikati ya rafu zilizoanza kubaki tupu, na sauti ya viatu vyangu ikawa inanirudia.

Nilikwenda kwa meneja.

"Bosi, zile spea ni za wateja. Mafundi wanapiga simu, sina cha kuwapa."

"Dada yangu, aliyenunua ameshanunua," alinijibu. "Sisi tunamtafuta ambaye hajanunua."

Alisema hivyo akitabasamu, na nadhani aliamini.

Mwisho wa mwezi nikaenda Kisarawe kwenye arobaini ya mtoto mchanga wa kaka. Alinipokea stendi, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akinifungia helmeti. Kwenye mteremko wa kuelekea kwake nikamsikia akikanyaga breki, akikanyaga tena, pikipiki ikiteleza tu kama haijasikia. Alishusha gia, injini ikalia, akaweka mguu chini kuburuza kiatu kwenye changarawe. Tulisimama pembeni kabisa ya kona. Chini yetu kulikuwa na shamba la mikorosho, na mwanamke aliyekuwa akiokota kuni akanyanyua kichwa kututazama.

"Breki zako vipi, kaka?"

"Za kwenu hazipatikani. Nimefunga hizi kuukuu za kubandika kwa gundi, fundi alinipatia." Alicheka kidogo. "Nimeshazizoea."

"Usipakie mtu mpaka nikuletee nyingine."

"Nisipopakia watoto wale nini?"

Jumatatu nilitafuta kila rafu. Lilikuwa limebaki boksi moja la breki za nyuma. Niliomba niuziwe seti moja kama mteja yeyote. Msimamizi wa laini alinionyesha pikipiki zilizopangwa ukutani zikisubiri breki, wanunuzi wake wakiwa nje na lori. Nilikwenda kwa meneja, akasema mzigo mwingine uko njiani. Toroli likaondoka na lile boksi. Nilishika simu nikampigia kaka, hakupokea. Alikuwa barabarani.

Zilipita kama wiki mbili. Ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana, nikipanga nati, mke wa kaka akapiga simu. Hakusalimia.

"Wifi, njoo hospitali."

Breki ilikuwa imebanduka kwenye mteremko ule ule. Nyuma alikuwa amempakia mzee wa jirani aendaye msikitini. Kaka aliona hatasimama, akailaza pikipiki kwenye tuta la udongo pembeni. Mzee alichubuka mikono tu. Kaka paja lake lilivunjika, na pikipiki ikamlalia hadi watu walipofika. Nilipoingia wodini aliniuliza, "Yule mzee yuko wapi?" Nilipomwambia yuko nyumbani, ndipo akafumba macho. Kuhusu breki hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye, na mimi nilitamani aniulize.

Kijiwe chake kilihama kimya kimya. Hakuna aliyetukana kampuni, hakuna aliyeandamana. Kila pikipiki yetu ilipolala kwa kukosa spea, mwenyewe alinunua ya aina nyingine, ile ya zamani ambayo spea zake zinauzwa mpaka kwenye genge la nyanya. Mlandizi ikawa hivyo hivyo. Kwala pikipiki mpya zikajaa uani, zikapigwa jua, viti vikapasuka. Yule meneja akahamishwa. Asubuhi moja tulikuta geti limefungwa, na mlinzi, ambaye ni mtu wa kwetu, hakutaka kututazama usoni.

Kaka alipona, anachechemea kidogo. Anaendesha kama wenzake, ile ya aina ya zamani.

Mwaka huu wamekuja wawekezaji wengine wa pikipiki kwenye majengo yale, na wameniita kwenye usaili. Watu wa heshima, ofisi ina kiyoyozi. Nikawauliza stoo ya spea watajenga upande gani.

"Hiyo ni awamu ya pili," wakasema. "Kwanza tuuze."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimekataa. Akaniuliza tutakula nini.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtembelea kaka. Kijiweni Kisarawe nilikuta pikipiki tatu za wale wawekezaji wapya, nyekundu, mpya, bado zina nailoni kwenye kiti. Mmoja wa wenyewe akanisogelea na helmeti mkononi.

"Karibu dada, nikupeleke wapi?"

Nilimshukuru. Nikamwambia namsubiri kaka.