Kisanduku cha Nyumba ya Pili

Verna Tollefsrud alipika katika shule yetu kwa miaka ishirini na sita, na karibu kila mtu wa mji huu aliye chini ya miaka arobaini amekula viazi vyake. Alipostaafu alinunua kompyuta, akaiweka kwenye meza ya jikoni kati ya redio na kopo la sukari, na tangu hapo kila Februari alijaza fomu zake za kodi ya mapato mwenyewe. Hakuona sababu ya kumlipa mtu. Alisema aliyeweza kukadiria maziwa ya watoto mia tatu na arobaini hawezi kushindwa na visanduku.

Programu yake iliuliza maswali kama karani mpole. Nyumba unayoishi umeilipia kodi ya majengo kiasi gani? Verna aliandika, maana fedha hizo hupunguza kodi ya mapato. Je, una nyumba nyingine? Hapo alibonyeza ndiyo, kwa sababu ya nyumba ya ziwani.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, yenye jiko la kuni na gati fupi la mbao, aliyoijenga baba yao kwa mikono yake. Wazazi waliwaachia Verna na mdogo wake Darrel kwa pamoja. Mama yao aliwajua wanawe, kwa hiyo kabla ya kufa aliandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la vikombe: mwaka witiri kodi atalipa Verna, mwaka shufwa atalipa Darrel. Hawakuwahi kugombana juu ya jambo hilo.

Karatasi ya kodi ya nyumba hiyo ilifika kila Desemba, moja tu, yenye majina yote mawili, nyumbani kwa Verna kwa kuwa yeye ndiye aliyeishi karibu. Darrel alikaa Marlow, mwendo wa saa moja kusini. Ukifika mwaka wake aliandika hundi kwa jina la kitongoji cha ziwani, akaituma kwa posta, na Verna akaipeleka. Wiki ya mwisho ya Desemba mweka hazina, Lorna Hesse, hukaa kwenye ukumbi wa kitongoji, karibu na gari la kusukuma theluji, akipokea hundi na kuandika risiti. Watu huleta biskuti. Mwenye nyumba tatu hupanga foleni nyuma ya mwenye trela moja la kuishi.

Mwaka 2012 ulikuwa wa Darrel. Mei ya mwaka huo mkewe, Joyce, alifariki baada ya miezi minane ya kulazwa na kurudishwa nyumbani na kulazwa tena. Desemba hundi ilifika kama kawaida: dola 1,864, mwandiko ulioegemea kushoto. Verna aliishika muda mrefu. Alizijua bili za hospitali; Joyce mwenyewe alikuwa amemwonyesha. Akaitia hundi kwenye kopo la kadi za mapishi, akaandika ya kwake ya kiasi kilekile, na alipofika ukumbini alimwomba Lorna jambo hilo libaki kati yao wawili. Lorna alitikisa kichwa kukubali, akaandika risiti, kisha wakazungumza juu ya unene wa barafu. Kwetu mtu husaidiwa hivyo, bila kuambiwa kwamba amesaidiwa.

Februari iliyofuata, programu ilipofika kwenye nyumba ya pili, Verna aliacha kisanduku kitupu. Ulikuwa mwaka wa Darrel. Kudai punguzo kwa fedha alizolipa kwa siri aliona ni kama kumnyang'anya. Alijua anapoteza kitu, akakubali kupoteza, na kusema kweli alijisikia vizuri kidogo kwa ajili hiyo.

Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba Darrel naye alikuwa na kompyuta. Akiwa na moyo safi kabisa, Darrel aliandika 1,864 katika kisanduku chake.

Barua ya ofisi ya kodi ilimfikia Darrel Machi 2014. Jumamosi asubuhi akaja nayo kwa dada yake. Alivua buti mlangoni, akaketi, akazungumza juu ya samaki, kisha juu ya breki za gari lake, na baada ya dakika ishirini ndipo akaiweka barua mezani. Ofisi ilitaka ushahidi kwamba mwaka 2012 aliilipia nyumba ya ziwani. Alikuwa amefungua bahasha zote za benki, kazi ambayo zamani ilikuwa ya Joyce na ambayo hakuna aliyeigusa tangu afe, na fedha za hundi ile hazikuwahi kutoka. Alimpigia simu Lorna. Lorna alisema kodi imelipwa, na mengine amuulize dada yake.

"Anakwepa," Darrel alisema. "Kodi imelipwa, hundi yangu haikufika benki. Sasa imelipwa na nani, malaika?"

"Labda kuna maelezo."

"Yapo. Ameipoteza, halafu akarekebisha kitabu chake. Mkutano wa mwaka wa kitongoji ni Jumanne ya tatu ya Aprili. Nitasimama nimuulize mbele ya watu wote."

Verna alimmiminia kahawa ambayo hakuiomba. Lorna alikuwa ameshika kitabu kile kwa miaka kumi na tisa. Katika ukumbi ule swali la namna hiyo, likishaulizwa kwa sauti, jibu halisaidii tena. Na Lorna asingejitetea, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

"Usisimame, Darrel."

"Kwa nini? Unamtetea kwa sababu mnaimba pamoja kanisani?"

"Anaimba vibaya. Simtetei kwa hilo."

Aliinuka, akashusha kopo, akapekua mpaka nyuma ya kadi ya keki ya mabua machachu ya rubabu. Akaiweka hundi juu ya barua.

Darrel aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hapakuwa na kitu.

"Uliniona ombaomba," alisema hatimaye.

"Nilikuona umefiwa."

"Hela zilikuwepo, dada."

"Joyce alinionyesha bili."

"Hata mimi alinionyesha. Mwaka mzima watu walinifanyia kila kitu. Walinipikia, walinifyekea nyasi, hata jeneza walinichagulia. Hii hundi ndiyo kitu kimoja nilichokifanya mwenyewe."

Verna alitazama mikono yake. Alisema hakulijua hilo. Darrel akasema hakuuliza. Kahawa ilikuwa imepoa Darrel alipovuta kiti karibu na kompyuta.

"Washa hiyo mashine yako."

Walianza na fomu yake ya 2012. Walifuta nyumba ya pili, na programu ikaonyesha anatakiwa kurudisha dola mia mbili na themanini, pamoja na riba kidogo. Darrel aliandika namba hiyo kwenye bahasha bila kulalamika. Kisha wakafungua ya Verna. Alifika kwenye kisanduku alichokiacha kitupu, akaandika 1,864, akatazama pembeni mwa skrini ambako programu huonyesha kiasi utakachorudishiwa.

Namba haikusogea. Alifuta, akaandika tena. Haikusogea hata senti. Chini kulikuwa na maelezo mafupi: makato yake yote kwa pamoja hayakufikia lile punguzo la jumla ambalo kila mtu hupewa, kwa hiyo kilichoandikwa hapo hakibadilishi kitu.

Darrel alisogea asome mwenyewe. "Yaani umejinyima kitu ambacho hakikuwepo."

"Kunywa kahawa yako."

"Mtakatifu Verna wa Kisanduku Kitupu."

"Imepoa, nitakuongezea."

Alikuwa anacheka, na alipomaliza alitoa kitabu cha hundi mfukoni, akaandika mpya kwa jina la dada yake. Benki hufungwa saa sita mchana Jumamosi. Alimpeleka kwa gari lake lenye breki mbaya, akasimama nyuma yake kwenye foleni huku amekunja mikono, hakutoka mpaka msichana wa dirishani alipogonga mhuri.

Alasiri walimpelekea Lorna keki ya rubabu, maana kadi ilikuwa imeshatoka nje ya kopo. Verna alimwambia kwamba amemfungua kutoka kwenye ahadi. Darrel aliomba radhi kwa namna ya wanaume wa kwetu: alishuka ghorofa ya chini kusikiliza tanuri la kupashia nyumba joto, akarudi na kusema mkanda wa feni umelegea, atauleta mwingine wiki ijayo. Alileta. Kwenye mkutano wa Aprili alisimama mara moja tu, kuuliza kuhusu kalvati.

Mei walikwenda kufungua nyumba ya ziwani kwa ajili ya majira ya joto. Verna alipofungua kabati kutoa vikombe, alikuta chini ya maneno ya mama yao mstari mpya wa penseli, mwandiko ulioegemea kushoto: na kila mtu apeleke yake mwenyewe.