Wasiwasi wa Linda na Mdomo wa Shangazi Yake

Linda hakuanguka kwenye feri. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo ndio waliosimulia zaidi. Aliketi. Alihisi moyo unamwenda mbio na vidole vinamfa ganzi, akaketi chini kama mtu yeyote mwenye akili zake anavyoketi akishikwa na kizunguzungu. Feri ilipofika upande wa Likoni aliinuka, akajipangusa sketi, akaenda kwao Bofu kwa miguu yake. Hakupiga mayowe. Hakusema kwa sauti ya mwanamume. Hakuna jini aliyejitaja jina wala aliyeomba halua. Na mamake, Mwalimu Kafedha, hakumpeleka kwa mganga yeyote ili awe wa kwanza darasani. Alikuwa wa kwanza kwa kusoma. Vyeti vipo, mwenye shaka aje aonyeshwe.

Maneno hayo yote yalitoka mdomo mmoja, nao ni wa Sarah, dada wa marehemu Gershom Charo, mumewe Kafedha. Sarah ana duka la nafaka karibu na kanisa, na anayeenda kwake kununua kibaba cha maharagwe hurudi na habari za nyumba tatu. Kafedha alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Hakukimbilia dukani kugombana. Alikaa, akasikiliza, akajua nani kaambiwa nini na siku gani, kisha akangoja.

Linda mwenyewe alizaliwa mwangalifu. Kuna watoto wanaotumbukiza mkono kwenye maji ndipo waulize ni ya moto au ya baridi. Yeye aliuliza kwanza, akajibiwa, akauliza tena. Na ikiwa mvua itanyesha tukiwa shule? Na ikiwa baba atasinzia kwenye usukani? Gershom alikuwa dereva wa malori ya mafuta, kutoka Changamwe hadi Malaba, na alikuwa akicheka. "Huyu mwanangu kaizidi bima ya lori," alisema. "Bima huuliza mara moja kwa mwaka."

Linda alipokuwa na miaka tisa lori lilipinduka huko bara. Gershom alirudi na mguu uliovunjika mahali pawili. Tangu siku hiyo mtoto hakutia chakula kinywani mpaka baba apige simu kwamba ameegesha salama. Watu walimsifu: mtoto gani huyu anavyompenda babake! Hakuna aliyeona zaidi ya hapo, hata mamake.

Alipofika miaka kumi na saba, figo za Gershom zikaanza kukataa kazi. Kafedha alikuwa darasani, basi Linda ndiye aliyempeleka babake kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili, na vitabu vya mtihani akavisomea kwenye benchi la ukumbini. Alifaulu, babake akafa. Kafedha alimzika mumewe bila kulia mbele ya watu, na Linda akamtazama mamake, naye akajizuia vivyo hivyo.

Kisha akapata kazi Changamwe, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Hapo nambari moja ikikosewa kwenye karatasi, kontena hukaa na mwenye mzigo huja juu. Linda hakuwahi kukosea. Alikuwa akiikagua kila karatasi mara tano, akifika nyumbani anampigia simu mlinzi amtazamie kama droo ameifunga. Alipochumbiwa na Bonface, fundi wa mafriji wa Junda, kijana mpole, watu walidhani sasa atatulia. Wapi! Shingo ikamkaza, tumbo likamsumbua, usingizi ukawa wa vipande vipande, na neno dogo tu likamtia hasira. Alihofia gesi, akahofia kazi, akahofia pikipiki ya Bonface na presha ya mamake, na siku isipokuwa na la kuhofia alihofia kwamba kuna jambo kalisahau. Miezi minane ilipita hivyo, karibu kila siku, ndipo siku ile ya feri ikafika.

Jirani yao Judy, muuguzi mstaafu, ndiye aliyesema, "Mwalimu, huyu si wa kuombewa tu. Kuna daktari, Hashim, hushughulika na haya."

Daktari Hashim aliondoa kwanza ya mwili. Alipima damu, moyo na tezi ya shingoni, maana tezi ikienda kasi nayo humtetemesha mtu. Kote kulikuwa sawa. Ndipo akasema jina la ugonjwa: wasiwasi wa jumla, ule usioshika jambo moja bali hushika kila jambo.

"Umetoka wapi?" Kafedha aliuliza.

"Hautoki mahali pamoja, Mwalimu. Katika ukoo kuna mwengine aliyekuwa hivi?"

"Kwetu hakuna."

"Sijauliza kwenu. Nimeuliza kwa Linda, na Linda ana kwao kuwili."

Hapo Kafedha akamkumbuka mavyaa yake, Bibi Kai, mamake Gershom na Sarah, Mungu amrehemu. Alikuwa akimfunga mbuzi, anaingia ndani, anatoka tena kuitazama kamba. Siku mwanawe yuko safarini hakula. Na baada ya Bibi Kai akamkumbuka Sarah mwenyewe, anavyolivuta na kulivuta tena kufuli la duka lake. Kafedha alihisi furaha ambayo hakuihisi tangu Gershom azikwe.

Daktari hakuwa amemaliza. Alieleza kwamba ukoo haurithishi ugonjwa wenyewe kama unavyorithisha kiwanja, hurithisha wepesi wa kuupata tu, na ndugu wa tumbo moja huenda mmoja akaugua na mwengine asiugue. Juu ya wepesi huo huja mengine: tabia ya mtoto tangu mdogo, kishindo cha utotoni kama ajali ile, mgonjwa wa kuuguzwa kwa muda mrefu, msiba, kazi isiyosamehe. Wanawake huupata zaidi ya wanaume. Kahawa ya mfululizo, kama ile aliyokuwa Linda akinywa ofisini, huuchochea.

"Na nyumbani," aliuliza mwisho, "akikosea huwa nini?"

Linda alitazama sakafu. Kafedha akajibu, "Hurekebishwa." Daktari akaandika kitu. Kafedha hakuuliza ni kitu gani. Alirudi Bofu na kile kipande alichokitaka.

Wiki mbili kabla ya watu wa Junda kuja kuposa rasmi, Sarah alivuka hadi huko akaketi na mamake Bonface. Kafedha alizipata habari kabla jua halijatua. Wengine wangemfungia mlango. Yeye alimpelekea Sarah mwaliko kwa heshima zote: wifi, njoo, wewe ndiwe shangazi. Kwa desturi yao, posa haiwi posa mpaka shangazi, dada wa baba, amtoe binti mbele ya wageni na kumuuliza kama kinywaji cha wageni kinywewe. Zamani kilikuwa mnazi. Watu wa kanisa siku hizi huleta kreti za soda, na kabla binti hajajibu hakuna anayegusa kizibo. Baada ya hapo shangazi hupewa doti yake ya kanga na wageni. Sarah alikuja amejipaka wanja.

Soda zilipangwa katikati ya ukumbi. Mzee Karisa, amiye Bonface na msemaji wa wageni, alikohoa.

"Wenyeji wetu, hatukuja kubisha. Lakini tumesikia maneno, na tukikaa kimya tutakuwa wanafiki. Binti ana nini?"

"Swali zuri, mzee wangu," alisema Kafedha. "La ukoo waulizwe wenye ukoo. Wifi, inuka uwajibu wageni."

Sarah akainuka nusu. "Mimi? Nitajua nini mimi, wifi? Mtoto kalelewa na wewe."

"Junda ulijua. Ulikaa saa nzima, ukanywa chai vikombe viwili. Ulisema kwa kina Charo hakuna kitu hicho, kimetoka kwa mwalimu na vitabu vyake. Sema vivyo hivyo, hawa hapa."

"Lo! Hata vikombe vimehesabiwa," alisema mtu mlangoni, na watu wakacheka.

"Basi nikusaidie. Marehemu mama yenu alikuwa akimwangalia mbuzi mara ngapi kabla ya kulala?"

"Mama alikuwa mwangalifu, basi."

"Nne!" alidakia mzee mmoja wa kina Charo, ambaye hakuelewa swali lilikuwa linaelekea wapi. "Akishalala huwatuma watoto wakaitazame kamba tena. Masikini Kai!"

"Ahsante, mzee. Na wewe, wifi, kufuli la duka hulivuta mara ngapi?"

"Wezi wamejaa Bofu, wifi."

"Sikuuliza wezi. Nimeuliza mara ngapi."

Sauti ya mwanamke ikatoka jikoni: "Sita! Mimi humhesabia tukienda kwaya, tunachelewa kila Jumamosi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sarah alishika pindo la leso yake akawa analisokota, anaachia, anasokota tena, na Kafedha aliyaona yale mikono hiyo iliyokuwa ikiyafanya. Linda hufanya vivyo hivyo. Aliona, wala hakuacha.

"Wageni wangu," alisema, "Linda ana ugonjwa wa wasiwasi, una jina na una dawa. Daktari katuuliza nani katika ukoo alikuwa nao. Sasa mmesikia wenyewe. Jini mliyeambiwa Junda hulivuta kufuli mara sita na kuuza maharagwe."

Hapo Linda akatokea. Hakuitwa, na binti kutoka bila kuitwa siku ya posa ni jambo lisilofanywa. Alisimama kwenye mlango wa chumba, leso mpya kichwani.

"Mama, umesema nusu."

"Linda, ngoja uitwe."

"Daktari alitaja mengi. Ajali ya baba. Miaka ya hospitali. Waambie na karatasi ya darasa la sita."

Hakuna aliyejua ni karatasi gani ila wao wawili, kwa hiyo Linda akawaambia. Ilikuwa ya mtihani wa hesabu, alama tisini na nne. Mamake aliibandika ukutani sebuleni, na zile sita zilizopotea akazizungushia wino mwekundu. "Nilikuwa nikila nikiziona," alisema Linda. "Baba yuko njiani, sijui kama atafika, nami natazama sita."

Watu wote wakamgeukia Kafedha. Alikuwa amesimama wima kama siku ya mazishi.

"Ni kweli," alisema. "Niliibandika mimi. Ilikaa mwezi mzima, akaitoa Gershom."

"Na shangazi naye anaumwa kama mimi," Linda aliendelea. "Mnamcheka mgonjwa."

Sarah alikuwa akilia sasa, wanja umemshuka mashavuni. Mzee Karisa aliinua mkono. "Tumekuja kuuliza ugonjwa, tumejibiwa zaidi ya tulivyouliza. Sisi tunaoza na kuoa watu, hatuozi malaika. Aulizwe binti."

Macho yote yakaenda kwa Sarah, maana kazi hiyo ni yake. Akapangusa uso akajikakamua kusimama.

"Kaa, wifi," alisema Kafedha. "Wewe ushaimaliza kazi yako Junda. Judy, njoo umuulize."

Watu waliguna. Judy si ndugu, hata kabila si moja. Mzee mmoja wa kina Charo alisema haijawahi kuwa. Kafedha akamjibu kwamba na iwe leo. Judy akaja akiona haya, akamshika Linda mkono. "Mwanangu, soda hizi zinywewe?"

"Abee, mama." Linda alizihesabu chupa kwa macho moja moja, hata Bonface akaanza kutokwa na jasho. "Zinywewe. Lakini harusi ingoje. Nimeanza matibabu, na sitaki kuingia kanisani nikijihesabia pumzi."

"Nitangoja," alisema Bonface.

"Huyu?" alisema Mzee Karisa. "Huyu hajawahi kungoja hata chai ipoe! Lakini atangoja. Fungueni soda."

Doti ya kanga akapewa Judy, mbele ya Sarah.

Harusi ilifungwa mwaka uliofuata. Linda alikuwa amekwenda kwa Daktari Hashim kila wiki, kisha kila mwezi, amemeza dawa zake na kuacha kahawa, na karatasi za ofisi sasa huzikagua mara mbili. Wasiwasi haujahama, ila umepata mwenye nyumba. Sarah hakubeba mkoba wa bibi harusi wala hakumfunika leso, ambazo ni kazi za shangazi. Aliwekewa kiti cha plastiki safu ya sita, baina ya wateja wake wa maharagwe. Inasemekana Linda alimpa namba ya kliniki, na kwamba Alhamisi duka hufungwa mapema. Hilo ni la Linda. Kafedha hajauliza.

Mwezi uliopita mchungaji alikuja Bofu. Alipewa kiti cha Gershom na chai ya tangawizi.

"Mwalimu," alisema, "Sarah anataka yaishe. Na nasikia ulijua kuwa ni mgonjwa ulipomsimamisha mbele ya watu."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mwanangu aliitwa mwenye jini tangu sokoni hadi Junda, mchungaji. Wifi yangu alisimama dakika kumi. Nani kapunjwa?"

Mchungaji akanywa chai kidogo. "Na ile karatasi ya ukutani? Maana watu wanauliza, na pengine ukiizungumza, wewe na Sarah mtaona kwamba kila mmoja—"

"Ile niliisema siku ile, mbele ya wazee, mara moja, na kweli haisemwi mara mbili kumfurahisha mtu." Kafedha alimsogezea sahani ya mahamri. "Habari za kanisa nitazisikiliza hadi jioni ukitaka. Juu ya Sarah sina neno, na juu ya nyumba yangu sisemi zaidi."