Flashi ya Kwenye Funguo

Fundi wa kompyuta wa hapa Nyamugari haongei mikono yake ikiwa ndani ya mashine. Hugusa kwanza chuma cha dirisha ili umeme wa mwilini umtoke, hupangusa vidole kwenye suruali, ndipo afungue. Nilimpelekea laptopu yangu kuukuu ambayo ingechukua siku nzima kuhamisha video za harusi ya Muyinga, na diski yenye video hizo, zisizo na nakala nyingine, ilishaanza kukwaruza. Akachomoa kiplastiki cha ubavuni mwa laptopu nilichodhani ni pambo, akaingiza kadi nyembamba yenye matundu mawili ya bluu, ya USB zile za kasi. Nikamnyooshea diski. Hakuipokea.

“Mi naanzaka na yangu.”

Akachomeka flashi inayoning'inia kwenye funguo zake, akafungua picha moja: mama mzee sokoni Giheta, anacheka.

“Alishakufa. Picha yake iko hii tu.”

“Sasa fundi, si ungejaribu na flashi tupu?”

“Na tupu, mikono inazembea.” Akamtazama mama yule mpaka akaridhika. “Iko muzima. Leta yako, dada.”

Video zote zilihama kabla chai yangu haijapoa. Funguo alishazirudisha mfukoni, akawa anazipapasa kwa nje.