Sauti ya Shemeji kwenye Spika ya Ghala

Mdogo wangu ndiye fundi wa mfumo wa kompyuta kwenye ghala ninakohifadhi vigae vyangu. Kazi ile aliipata kwa jasho lake. Hata mimi sikumsemea. Wapagazi humwita Mama Mfumo. Mumewe walimwita Kipaza, maana yeye ndiye aliyerekodiwa kuita malori: "Gari la vigae, mlango wa nne!" Na mpagazi lazima aijibu spika kama anajibu mtu: "Tumesikia, Kipaza!" Asiyejibu huchekwa mpaka jioni.

Kipaza alifariki msimu wa mvua. Spika ikaendelea kuita.

Kisha milango ikapangwa upya, wa nne ukaanza kuzibwa. Karani mmoja akarekodiwa, sauti yake ikapakiwa kwenye mfumo, lakini spika ikang'ang'ania ile ya zamani. Kile kijiprogramu cha matangazo, kilichopachikwa ndani ya mfumo mkuu, kina tabia ya kujiwekea akiba ya vitu kilivyokwisha kuvitumia. Mafundi huiita kashe. Usipoifuta, kinasoma akiba yake, hakijali umepakia nini kipya.

Mdogo wangu alilijua hilo vizuri. Akawaambia wakubwa wake anachunguza. Akachunguza weee.

Siku niliyofuata mzigo wangu, lori likaitwa mlango wa nne. Dereva mgeni akarudi nyuma kama alivyoambiwa, na mwashi aliyekuwa akijenga pale akaponea chupuchupu. Toroli lake likabaki bapa. Meneja akapanda juu kwa mdogo wangu amewaka, nami nyuma yake.

"Zima mfumo wote, uwashe upya!"

"Nikizima, mizani na mageti ya matawi yote yanasimama, bosi. Nakitoa kijiprogramu kimoja tu, namwaga kashe yake, nakirudisha. Wengine hata hawatajua."

"Sasa unangoja nini?"

Mdogo wangu akageukia skrini. Meneja akatoka, nami nikafunga mlango. Mimi ni mtu wa biashara. Kilio hakipunguzi bei.

"Nakili sauti yake kwenye simu, dada, yaishe."

"Ninayo, Kaka. Kwenye simu mpaka nimbonyeze. Hapa anaita mwenyewe, na watu wanamwitikia."

"Yule mwashi naye ana mke."

"Najua. Usinipigie hesabu leo."

Nimezoea kumngoja mtu ashushe bei, ila hapa hakukuwa na cha kushusha.

Akakizima kijiprogramu. Akafungua folda yake, akachagua vyote vilivyomo, kidole kikaganda juu ya kitufe. Akabonyeza. Akakiwasha tena. Skrini ikaandika: Kashe imefutwa. Watumiaji hawajaathirika.

"Hawajaathirika," akasoma kwa sauti, akacheka kidogo.

Nje spika ikakwaruza. "Gari la vigae, mlango wa saba." Sauti nzuri tu, ya karani. Wapagazi wakajipanga kimya. Mmoja, kwa mazoea, akapaza: "Tumesikia, Ki..." Akameza lililobaki. Hakuna aliyemcheka.

Mdogo wangu alikuwa dirishani, ametega sikio. Nikamwambia vigae vyangu vinapakiwa, acha nishuke.

"Nenda tu, Kaka."

Nilipofika chini nikatazama juu. Bado alikuwa pale pale, anangoja mtu amalizie lile jina.