Folda la Sauti Lilikuwa Tupu

Jumapili ile nilipousikia wimbo wa marehemu mke wangu ukiimbwa kanisani kwetu na kwaya ya wageni kutoka Mngeta, nilijua nimeibiwa. Nilidhani namjua na mwizi.

Wimbo ule haukuwahi kurekodiwa. Ulikuwa ndani ya daftari tu, pamoja na nyimbo nyingine alizotunga kwa Kipogoro na Kiswahili miaka yote aliyofundisha kwaya yetu. Na kwetu kwaya haichukui wimbo wa wenzake hivi hivi. Wanakuja watu wawili, wanaketi, wanauomba, ndipo wanapewa maneno kwa mkono. Hakuna aliyekuja kuniomba.

Mto Lumemo ulipofurika maji yakaingia ndani ya nyumba, daftari lililowa. Tulitoka wote wazima, namshukuru Mungu. Lakini kila nilipolifungua, wino ulikuwa umefifia zaidi. Nikalipeleka kwa mama mmoja mwenye duka la stesheneri karibu na soko, ambaye ndiye aliyeipiga video kwaya yetu. Nilitaka video na daftari vikae kwenye diski moja.

"Katekista, siku hizi watu wanaweka kwenye flashi."

"Flashi mtu anafuta, anajaza muziki wa baa. Nipe diski."

"Haya. Video utaiona kwenye deki. Daftari litafunguka kwenye kompyuta. Tumeelewana, baba?"

Niliitikia bila kusikia, maana alikuwa ameshika wembe, anakata uzi wa daftari ili kurasa zilale vizuri kwenye skana. Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki hadi jioni, nikihesabu kurasa zinavyoingia na kutoka. Rozari ilikuwa mkononi, lakini sitasema nilisali.

Nyumbani, deki ilionyesha kwaya tu. Nilibonyeza kila kitufe cha rimoti, daftari halikuwemo. Nikaanza kumshuku yule mama, ila sikukurupuka. Mwalimu wa kwaya ya Mngeta alikuwa amekuja parokiani kwenye semina, nikampa diski aijaribu kwake, huenda deki yangu ndiyo mbovu. Aliporudi wiki iliyofuata alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Diski nzima kabisa, mzee. Mungu akubariki, umetusaidia sana."

Nikaona ni adabu ya mtu aliyefurahia video. Jumapili nyingine ndiyo wakaja kuimba, nami nikaamini maneno ya mke wangu yameuzwa dukani.

Kesho yake nilifika pale watu wamejaa, wanatoa nakala za vyeti.

"Shikamoo, baba katekista."

Sikusema marahaba. Nilisema, "Nyimbo za marehemu umemuuzia nani?"

Mashine ya nakala iliendelea kuunguruma, lakini watu waligeuka kunitazama. Mzee mwenzangu mmoja aliguna. Yule mama alinyoosha mkono, nikampa diski, akaiingiza kwenye kompyuta. Yakatokea mafolda matatu. La kwanza, alisema, ni la video. Akafungua la pili, lenye neno la sauti kwa Kiingereza. Halikuwa na kitu.

"Mmeona?" niliwageukia watu. "Tupu! Sauti zimetolewa!"

"Baba, sauti imo humo humo kwenye video. Hili huwa tupu siku zote." Akachukua diski ya harusi ya watu, akaionyesha: folda lile lile, tupu vile vile. Sikushawishika. Mtu akiwa mjanja, anaweza kutoa kwangu na kwa bwana harusi pia.

Ndipo akafungua la tatu. Kurasa zilikuwamo zote, na michirizi ya maji, na mwandiko wa mke wangu ulioinamia kushoto, unasomeka kuliko kwenye karatasi yenyewe.

"Deki haizioni kurasa hizi. Kompyuta inaziona. Nilikwambia." Hakupandisha sauti. "Sasa niulize na mimi. Diski hii ameishika nani mwingine?"

Nilikumbuka mikono miwili ya yule mwalimu; bila shaka kwake aliifungua kwenye kompyuta. Mngeta hawakuja kuomba kwa sababu niliwapa mwenyewe, mkono kwa mkono, bila kuombwa. Walishukuru kama desturi inavyotaka.

Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba jina la mtu ukilichafua mbele za watu, hulisafishi chumbani. Nikavua kofia, nikawaambia wale wenye vyeti kwamba mama huyu hajaiba kitu, mwenye kosa ni mimi, na aliyeugawa wimbo ni mimi pia. Kisha nikamgeukia.

"Marahaba, mwanangu."

"Imechelewa, lakini nimeipokea," alisema, na watu wakacheka. "Kiti chako cha ulinzi kile pale, keti."

Niliketi. Alipokuwa anaitoa diski, nilimwomba afungue tena lile folda la sauti, mara moja tu, nijiridhishe. Alinitazama, akalifungua.

Lilikuwa tupu.