Kikombe cha Mchana

Shabani Bizimana, fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini, alikuwa mwoga, na sitaki kumpamba. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, na sindano ya daktari aliiogopa kuliko radi yenyewe. Tangu vita vianze kaskazini, gari likipasukiwa na mpira barabarani, yeye alikuwa ameshajikunja chini ya cherehani kabla wengine hawajageuza shingo. Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Shabani, iko mupira tu! Toka!" Naye alitoka, akajipangusa vumbi magotini, akaendelea kushona kana kwamba alikuwa ameinama kuokota kifungo.

Jambo moja tu hakuliogopa, nalo ni njaa ya Ramadhani. Tangu aanze kufunga utotoni hakuwahi kula mchana hata siku moja, si kwa homa, si kwa safari. Ushujaa wake wote ulikuwa huo, na aliushika kwa mikono miwili.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye kambi ya wagonjwa? Kwa woga, kwa nini kingine! Ilikuwa Februari ya mwaka wa tisini na tatu. Mapigano ya jeshi na waasi, wengi wao Watutsi, yalikuwa yamewatimua watu wa Byumba na vilima vyake, wakashuka kwa maelfu na magodoro vichwani, wakatua kando ya barabara kupita Gatsata, nje kidogo ya mji, wakajijengea vibanda vya matawi na turubai. Haukupita muda wakaanza kuhara damu. Ijumaa baada ya swala, imamu akatangaza kwamba kuna muuguzi anakusanya watu wa kujitolea, Waislamu kwa Wakristo, nani yuko tayari? Macho yake yakatua kwa Shabani. Shabani aliiogopa kambi, lakini aliogopa zaidi kusema hapana mbele ya msikiti mzima. Akainua mkono.

"Wewe?" mkewe Zubeda alimuuliza jioni, mwiko mkononi. "Wewe uende kwa watu ya kuhara damu? Wewe hata kuku unaita jirani akuchinjie!"

"Nimeshainua mukono," akasema kwa unyonge.

Muuguzi mwenyewe aliitwa Athanasie, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Urefu ule ulikuwa mzigo siku zile. Kwenye kila bariyeri ya barabarani askari walimsimamisha yeye, wakasoma kitambulisho chake palipoandikwa Mtutsi, wakamtazama, wakasoma tena. Shabani alikaa nyuma ya pikapu, akitazama vidole vya askari kwenye bunduki. Hawakuwahi kumgusa, lakini pia hawakuwahi kumrudishia kitambulisho kile upesi.

Dereva wao, Melchior, naye hakuwa mtu wa kuchezea saa. Bariyeri zilifungwa giza lilipoanza kuingia, na aliyebaki kambini alibaki na lake. Kwa hiyo jioni alipiga honi mara moja tu. Honi hiyo ilikuwa haijamaliza kulia, Shabani ameshapanda garini, amekaa, ameshika ukingo. Wenzake walimtania kwamba huwa anaisikia kabla haijapigwa.

Siku za mwanzo alichimba vyoo na kuosha vikombe kwa maji ya klorini, akimshukuru Mungu kwa kila kazi iliyomweka mbali na wagonjwa. Kunywesha ilikuwa kazi ya Frederick, mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, kipenzi cha kambi nzima. Ni kazi rahisi kuieleza: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi kidogo, unakoroga, unamnywesha mgonjwa polepole ili mwili usikauke. Frederick aliifanya akiimba. Asubuhi moja hakuja, na habari zikafika kwamba yuko kitandani, anahara damu, na haijulikani kama ataamka.

Athanasie akawakusanya. "Alikuwa anaonja," akasema. "Kila kikombe, anapiga funda kwanza ndipo anampa mgonjwa. Nilimkataza, akacheka. Vikombe vyetu ni vichache na ugonjwa unapita humo humo. Kuanzia leo hakuna mtu kutia kitu mdomoni ndani ya kambi hii. Shabani, utanywesha wewe."

Shabani alitaka kukataa, akaangalia macho ya Athanasie, akaogopa kukataa.

Wiki hiyo hiyo mwezi wa Ramadhani ukaandama, naye akapata ahueni kidogo. Muuguzi amekataza, na dini nayo imekataza. Mdomo wake sasa una makufuli mawili. Alisahau jambo moja tu. Watu wale walitoka vilimani, na huko anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, iwe pombe ya ndizi, iwe maziwa, iwe maji. Asipoonja, amekutakia kifo. Shabani aliijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini alikulia Biryogo, ambako mwezi huo hata mtoto mdogo anajua kwa nini mtu hanywi. Haikumpitia kichwani kwamba kambini hakuna aliyekuwa anajua.

Kibanda cha kwanza kilikuwa cha bibi mmoja aitwaye Nyirarukundo. Alikuwa amepakata mjukuu wake wa kike, kitoto kilicholegea hata shingo haikusimama. Shabani alikoroga, akajaza kikombe cha bati, akakisogeza mdomoni mwa mtoto. Bibi alikitazama kikombe, akamtazama Shabani, akakitazama tena. Shabani hakuona kitu. Harufu ya kibanda ilikuwa imembana kifua na alitaka kutoka tu, kwa hiyo badala ya kunywesha kwa kijiko akainamisha kikombe. Mtoto alikuwa na kiu, akagugumia, kisha akatapika yote, na macho yakageuka juu.

"Hukuonja," bibi akasema kwa sauti ya chini.

Jirani aliyekuwa mlangoni hakusema kwa sauti ya chini. "Umurozi!" akapiga ukelele, na kwa Kinyarwanda hilo ni neno la kumtaja anayewapa watu sumu. Kufumba na kufumbua kibanda kikawa kimezungukwa. Walimburuta Shabani nje wakamkalisha kwenye tope. Kijana mmoja wa kundi lililozunguka kambini na marungu, lake limepigiliwa misumari, akasimama mbele yake.

"Yule mwingine alikuwa anakunywa nasi," kijana akasema. "Wewe mbona hunywi?"

"Nimefunga," Shabani akajibu, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. "Ni mwezi wetu, hatunywi mchana..."

"Umefunga! Ukoroge wewe, tunywe sisi, halafu umefunga? Na yule mwanamke mrefu aliyekuleta yuko wapi? Wale tunawajua. Ndugu zake wametufukuza kwetu kwa bunduki, sasa wanatumalizia kwa sukari."

Shabani aligeuza macho. Vibanda vichache mbele, Athanasie alikuwa ameinamia mgonjwa, mgongo kwao, hana habari. Wanaume wawili walikuwa wameshaanza kumwendea, taratibu, mapanga yakining'inia mikononi.

Hapo hofu ilimshika Shabani kama hajawahi kushikwa, na niseme wazi ilikuwa hofu ya vitu vitatu kwa pamoja. Aliogopa lile rungu. Alimwogopa Mungu, maana hajawahi kula mchana. Lakini zaidi ya vyote aliogopa kikombe. Kilikuwa pale kwenye tope, mabaki yakiwa chini na mate ya mtoto kwenye ukingo, na ndani yake alimwona Frederick kitandani. Alikishika kwa mikono miwili. Akanywa.

"Ongeza," kijana akasema.

Wakammiminia kwenye kikombe kile kile. Akanywa tena mpaka chini. Wale wawili walikuwa wameshamfikia Athanasie, wamesimama kila mmoja ubavuni mwake, naye alikuwa amesimama pia, akitazama.

Kisha wakangoja. Walingoja waone kama ataanguka, na Shabani naye alikuwa akingoja, akisikiliza tumbo lake. Jua likapanda. Hakuanguka. Hatimaye kijana akatema mate pembeni, akalitupia rungu begani, na wale wawili wakamwacha Athanasie.

"Mpe mtoto," bibi Nyirarukundo akasema. "Sasa mpe."

Akampa kwa kijiko, tone kwa tone, kama alivyofundishwa. Safari hii yakakaa. Lakini siku ile yote, kila kibanda alichoingia, kabla hata hajasalimia, waliambiana: mwache aonje kwanza. Akaonja kila mahali, huku Athanasie akimfuata nyuma na ndoo ya klorini, akisugua vikombe mpaka vidole vikachubuka.

Magharibi nyumbani, adhana ilipolia, Zubeda alimwekea uji na sambusa. Hakugusa. "Nimekula mchana," akasema, akamweleza.

Zubeda aliweka mkono mdomoni. "Kikombe ya wagonjwa? Shabani! Saumu utalipa, Mungu iko anaona. Lakini tumbo?"

Na hilo ndilo lililomwaibisha Shabani. Jioni ile alipaswa kuililia saumu yake, lakini alilifikiria tumbo tu. Kila liliponguruma aliweka mkono juu yake.

Asubuhi yake alikula daku, akanuia kufunga, akaapa hatoki nyumbani. Melchior akapiga honi mlangoni. Majirani wakachungulia. Akapanda.

Nyirarukundo alikuwa akimngoja mwanzo wa kambi, mtoto mgongoni, shingo ya mtoto imesimama. "Jana jioni nilimuuliza dereva wenu," akasema. "Ameniambia mnafunga kwa ajili ya Mungu. Mwanangu, kwa nini hukusema vizuri? Lete hicho kikombe." Akakichukua, akapiga funda mbele ya watu, akajifuta mdomo. "Nimeonja mimi. Mwacheni afunge."

"Bibi, usinywe," Shabani akasema. "Ugonjwa unapita kwenye kikombe."

"Na jana wewe ulikuwa na mdomo wa chuma?"

Alipaswa kumnyang'anya. Alijua kabisa. Athanasie alipowakuta alisema kwa ukali, na bibi akamjibu kwamba bila mtu wa kuonja hakuna atakayekunywa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Athanasie akarudi kwenye ndoo yake ya klorini. Lakini Shabani hakuwa akifikiria wagonjwa. Alifurahi. Tumbo lake lilikuwa limetulia, saumu yake ilikuwa salama, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa akinywa. Siku zote zilizofuata bibi alitangulia na kikombe, kibanda kwa kibanda, akiwatania watu, akimwita Shabani "mkwe wangu asiyekunywa", na Shabani alifuata nyuma mkavu kama msikiti ulivyomfundisha.

Kisha siku moja mwanzo wa kambi hapakuwa na mtu.

Alimkuta kibandani kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, mjukuu amekaa karibu akimvuta kidole. Midomo ilikuwa imepasuka. Kwenye kitambaa alichojifunika palikuwa na damu. Athanasie alikuwa ameshapita, amempa vidonge, na alichosema mlangoni kilikuwa kifupi: akinywa leo mpaka asubuhi, huenda, asipokunywa, basi.

Shabani alipiga magoti. Ilimchukua muda kutambua kwamba hofu iliyomshika safari hii haikuwa ya tumbo lake. Ilimuuma pabaya zaidi, maana haikuwa na mahali pa kujificha, hata chini ya cherehani. Akakoroga, akajaza kikombe, akakiinua kichwa cha bibi. Bibi akagusa ukingo kwa mdomo, akapiga funda moja, kisha akageuza uso. Alikuwa akijaribu kutabasamu.

"Mkwe," akanong'ona, "leo sina nguvu. Onja mwenyewe."

Nje hapakuwa na rungu wala umati. Jua lilikuwa la adhuhuri, saumu iko pale pale, na alama ya midomo ya bibi ilikuwa bado inang'aa kwenye bati. Alijua ni utani. Alijua pia kwamba akitikisa kichwa tu, bibi atamsamehe. Akageuza kikombe, akaweka mdomo pale pale alipoweka bibi, akanywa.

"Tamu," akasema.

"Mwongo," bibi akasema, akafungua mdomo.

Akampa kwa kijiko. Bibi akitapika, Shabani alingoja kidogo, akaanza tena. Mtoto alilala kwenye paja lake. Jua likashuka nyuma ya vilima, moshi wa mapishi ukajaa kambini, na vijana wenye marungu wakaanza kurudi kutoka huko walikoshinda. Yule wa misumari alipita, akachungulia ndani, akasimama kwa muda mrefu kuliko Shabani alivyoweza kuvumilia, kisha akaenda.

Melchior akapiga honi. Akangoja. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapiga mara ya pili, na Shabani akasikia sauti ya Athanasie ikiita jina lake kutoka barabarani. Mwili wote ulitaka kuruka. Akachota kijiko kingine. Akasikia gari likiwashwa, likiteremka kuelekea Gatsata, sauti ikapungua, ikaisha.

"Wamekuacha," bibi akasema, amefumba macho.

"Ndiyo, bibi. Kunywa."

Akanywa.